Mwenye Shahada Arudi Darasa la Kwanza



Kuna swali linaloulizwa sana vijijini kwetu mwalimu wa shule ya msingi anapoaga kwamba anakwenda kusoma shahada. Wazazi huliuliza, walimu wenzake huliuliza, na hata nje ya kanisa baada ya Misa utalisikia: "Ukimaliza, utahamia sekondari ipi?" Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama mwalimu huyo atarudi kufundisha darasa la kwanza. Jibu la hilo linachukuliwa kuwa linajulikana. Cheti ni cha watoto wadogo, stashahada na shahada ni za wakubwa. Mtu aliyekaa chuo kikuu miaka mitatu kisha akarudi kuandika a, e, i, o, u ubaoni huonekana kama amepatwa na mkosi, au kama hakupata wa kumshika mkono.

Makala hii inapinga mawazo hayo. Ninasema kwamba mtoto wa darasa la kwanza ndiye anayehitaji mwalimu aliyesoma sana kuliko mwanafunzi mwingine yeyote, na kwamba sisi Wakatoliki wa Katavi tuna sababu zetu za pekee za kulitetea jambo hili. Tena ninasema kwamba kulitetea kwa maneno hakutoshi, kwa sababu mwalimu anayerudi kijijini na shahada yake anarudi kwenye maisha yenye gharama, na gharama hizo mpaka sasa tumemwachia yeye peke yake.

Kibaoni na watoto wake

Nitazungumza nikiwa na Kibaoni akilini. Anayetoka Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike, huvuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha hufika Kibaoni, katika Halmashauri ya Mpimbwe. Ni nchi ya mahindi, mpunga na ng'ombe. Ni nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, aliyependa kujiita mtoto wa mkulima. Mtoto huyo wa mkulima naye aliwahi kukaa mbele ya mwalimu wa darasa la kwanza, akafundishwa kushika kalamu, kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kusomea sheria.

Lakini nchi hii si ile ya miaka ile. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao mkoa wa Katavi ulizaliwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka 10 tu watu wameongezeka zaidi ya maradufu. Familia zimehamia na mifugo yao kutafuta malisho, nyingine zimefuata mashamba, na watoto wamezaliwa kwa wingi. Serikali inaelekeza mwalimu mmoja wa msingi awe na wanafunzi 45. Katika shule nyingi za vijijini si ajabu kukuta darasa la kwanza lina watoto zaidi ya 100, wengine wamekaa sakafuni, na mwalimu mmoja mbele yao ameshika chaki.

Idadi ni tatizo moja tu. Darasa hilohilo la Kibaoni lina mtoto wa Kipimbwe, mtoto wa Kisukuma na mtoto wa Kifipa. Wengi wao hukutana na Kiswahili cha kitabuni kwa mara ya kwanza siku ile wanapoandikishwa shule. Lugha nyingi za nyumbani za upande huu hazitenganishi "r" na "l" kama Kiswahili kinavyotenganisha. Basi mtoto huandika "kura" akimaanisha "kula", hupigiwa alama ya kosa, na baada ya miezi sita huamini kwamba yeye ni mjinga. Kumbe masikio yake yanafanya kazi vizuri kabisa. Yamelelewa katika lugha nyingine, basi. Mwalimu aliyesoma jinsi lugha moja inavyoathiri nyingine ataliona hilo ndani ya wiki ya kwanza na kulitengenezea mazoezi. Asiyesoma atatafuta fimbo.

Mara tatu milango ilifunguliwa

Tukitazama historia ya nchi yetu, tunaona kwamba mara kwa mara tumewafungulia watoto mlango wa shule, na kila mara mwalimu amefuata nyuma akikimbia.

Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoamua kwamba watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Watoto waliingia. Walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi hukohuko vijijini, huku wakifundisha na huku wakijifunza. Ndio tuliowaita walimu wa UPE. Wengi wetu tulijifunza kusoma kutoka kwao au kutoka kwa wanafunzi wao, na hatuna haki ya kuwadharau. Walibeba taifa mabegani kwa mafunzo kidogo sana.

Mara ya pili ilikuwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ada ya shule ya msingi ilipokuwa imeondolewa. Madarasa yalifurika tena. Mafunzo ya mwalimu wa Daraja A yakafupishwa yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Mara ya tatu ilikuwa Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza baada ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Watoto wakaja kwa wimbi lingine.

Kila mara nia ilikuwa njema, na matunda yalionekana. Lakini kila mara tulijibu uhaba wa walimu kwa kupunguza mafunzo ya yule anayefundisha watoto wadogo. Hakuna aliyewahi kusema tupunguze mafunzo ya daktari kwa kuwa wagonjwa wameongezeka. Tulifanya hivyo kwa mwalimu wa msingi kwa sababu ndani ya mioyo yetu tuliamini kwamba kazi yake ni rahisi.

Sasa tumeingia kipindi kingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na ndani yake elimu ya msingi imekuwa ya miaka 6 badala ya 7. Maana yake kwa mwalimu wa Kibaoni iko wazi. Ana mwaka mmoja pungufu wa kujenga msingi uleule. Mtoto asiyejua kusoma mwishoni mwa darasa la pili hana tena muda mrefu wa kungojewa.

Kusoma ili kuondoka

Tuwe wakweli kuhusu sababu zinazowafanya walimu waondoke.

Muundo wa mishahara ya walimu hufuata ngazi ya elimu. Mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, na mwenye shahada TGTS D. Kwa hiyo mwalimu wa cheti mwenye watoto watatu na mzazi mgonjwa ana sababu ya haki ya kutafuta shahada. Hatuwezi kumhukumu. Tatizo ni kwamba njia iliyozoeleka ya kupanda ngazi hiyo ni kusoma masomo ya kufundishia sekondari, kwa mfano historia na jiografia, kisha kuomba kubadilishiwa kituo. Shule ya msingi inampoteza mwalimu wake mwenye bidii zaidi, kwa sababu ni mwenye bidii ndiye anayekwenda kusoma. Halmashauri yaweza kuletewa mwalimu mgeni kujaza nafasi ile, lakini mgeni hajui kwamba mtoto wa mwisho kwenye dawati la tatu hukosa shule siku za kupandikiza mpunga, wala hajui nyumba ya kwenda kuuliza.

Kisha lilitokea jambo lililofunua mawazo yetu. Miaka ya 2017 na 2018 Serikali iligundua kwamba shule za sekondari zilikuwa na walimu wa masomo ya sanaa waliozidi mahitaji, huku shule za msingi zikiwa na upungufu mkubwa. Ikaagiza wale wa ziada wahamishiwe shule za msingi. Mtaani neno lililotumika lilikuwa moja: wameshushwa. Watu waliwapa pole kana kwamba wamefiwa. Na kwa upande mmoja pole ile ilikuwa halali, kwa sababu wengi wao hawakuwa wameandaliwa kufundisha watoto wa miaka saba. Mtu aliyesomea kufundisha kidato cha tatu vita vya Maji Maji hajui aanzie wapi na mtoto asiyejua kutofautisha "b" na "d". Lakini pole ile ilibeba pia kitu kingine, nacho ni imani kwamba kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo ni kuporomoka.

Hapo ndipo Injili inapotugusa. Tunakumbuka wafuasi wa Yesu walivyowazuia watu waliomletea watoto, wakidhani Mwalimu ana mambo makubwa zaidi ya kufanya. Yeye alichukizwa na kuzuia kule. Aliwaita watoto, akawakumbatia, akawabariki. Sisi tunaliheshimu fungu hilo kanisani, kisha tunatoka nje na kumwonea huruma mwalimu anayefanya kitu kilekile kila siku ya juma.

Je, shahada inamfundisha mtoto kusoma?

Najua jibu ambalo msomaji mzoefu anaweza kunipa. Atasema: "Mimi nilifundishwa na mwalimu wa UPE, leo ninasoma magazeti. Shahada ya nini? Kinachotakiwa ni moyo." Hoja hiyo ina uzito, na sehemu yake ni kweli. Shahada peke yake haimfundishi mtoto kusoma. Wapo wenye shahada wasioweza kukaa na watoto nusu saa bila kupandisha sauti, na wapo wenye cheti ambao watoto huwakimbilia asubuhi.

Ila hoja hiyo inawasahau wale ambao hawakufanikiwa. Sisi tunaosema "nilifundishwa hivyo na nikaweza" ndio tulioweza. Wenzetu waliokaa nyuma ya darasa, wakamaliza darasa la saba bila kusoma barua, hawapo kwenye mazungumzo haya kwa sababu hawawezi kusoma makala hii. Mwaka 2015 nchi ilileta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Mtaala ule ulikuwa ungamo la wazi kwamba watoto wengi walikuwa wakipita bila stadi hizo.

Mwalimu mwenye upendo bila maarifa anafanana na mama anayempenda mtoto wake mwenye homa lakini hajui dalili za malaria. Upendo wake ni wa kweli, na mtoto anaendelea kuumwa. Yapo mambo ambayo hujifunzwa kwa kusoma na kuchunguza kwa muda mrefu. Jinsi mtoto anavyotambua sauti ndani ya neno kabla hajajua herufi. Kwa nini mtoto anaweza kuhesabu mpaka 50 kwa wimbo lakini akashindwa kukuletea punje 8 za mahindi. Namna ya kumtambua mtoto mwenye uoni hafifu ambaye kila mtu anamwita mvivu, au yule asiyesikia vizuri sikio moja ambaye huonekana mkaidi anapoitwa kutoka upande mmoja. Namna ya kupanga watoto 100 katika makundi ili wale 20 walio nyuma wapate dakika zao. Haya si mambo madogo yanayomalizwa kwa semina ya siku mbili.

Kwa hiyo ninapotetea shahada, sitetei shahada yoyote. Natetea shahada inayohusu mtoto mdogo. Ipo njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya ualimu wa elimu ya awali. Chuo chetu cha Kanisa kule Tabora, kilichopewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, kina mafunzo ya ualimu wa elimu maalumu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinamwezesha mwalimu kusoma akiwa kazini bila kuliacha darasa lake kwa miaka mitatu. Mwalimu wa msingi anayetaka kusoma aanze hapo, aulize kwanza: mazoezi ya kufundisha nitafanyia shule ya msingi au sekondari? Utafiti wangu wa mwisho unaweza kuwa juu ya darasa langu mwenyewe? Jibu la maswali hayo mawili litamwambia kama chuo kinamwandaa kurudi au kinamwandaa kuondoka.

Majirani zetu nao wanatembea katika njia hii. Kenya iliacha kutoa cheti cha ualimu wa msingi, na tangu mwaka 2021 vyuo vyake vinatoa stashahada. Uganda, katika Sera yake ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019, iliamua kwamba kila mwalimu awe na shahada, hata wa awali na msingi, ingawa walimu wengi walilalamika, na kwa haki, juu ya nani atalipia masomo hayo. Mbali zaidi, Finland imekuwa ikidai shahada ya uzamili kwa mwalimu wa msingi tangu mwaka 1979. Finland ni tajiri na sisi hatuko hivyo, lakini uamuzi wao una maana moja ya kujifunza: waliamua kwamba mlango wa kuingia kufundisha watoto wadogo uwe mgumu, na kazi yenyewe ikapata heshima.

Mifano tuliyo nayo nyumbani

Ndugu msomaji, sisi hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Ndani ya jimbo letu la Mpanda iko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wamisionari wa Afrika walifika mwaka 1885. Huko aliishi Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Kwa elimu ile angeweza kukaa penye raha. Alikuja Karema, akawa tabibu na katekista, akatibu na kufundisha watu wa ziwani kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuna mtu wa Karema aliyewahi kusema kwamba masomo ya Malta yalipotea bure. Yalipata mahali pa kufanyia kazi.

Kanisa zima linaye Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu. Alikuwa padre wa Ufaransa mwenye shahada ya udaktari wa teolojia, aliyoipata mwaka 1680. Aliacha cheo chake cha kanoni kule Reims akaishi na walimu wa watoto maskini. Aliona kwamba walimu wale hawakuandaliwa, akawaanzishia chuo cha kuwafundisha kazi, miongoni mwa vya kwanza kabisa. Akaagiza pia watoto waanze kusoma kwa Kifaransa, lugha waliyoielewa, badala ya Kilatini. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, daktari wa teolojia alifikiri kwa bidii juu ya namna mtoto wa fundi viatu anavyojifunza kusoma. Elimu yake kubwa haikumfanya aone jambo hilo kuwa dogo.

Na nyinyi mafrateri, mfano wa karibu zaidi ni nyinyi wenyewe. Mnasoma falsafa, mnasoma teolojia, mnafanya mwaka wa kichungaji. Ni miaka 7 au zaidi baada ya kidato cha sita. Baada ya upadrisho Askofu anaweza kukutuma parokia ya pembezoni, na Jumamosi ya kwanza utajikuta unawafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kufanya ishara ya msalaba. Je, kuna muumini atakayesema kwamba teolojia yote ile imepotea? Hakuna. Sote tunaelewa kwamba kumweleza mtoto fumbo la Utatu Mtakatifu bila kumpotosha kunahitaji mtu aliyelisoma kwa kina. Kama tunalielewa hilo kwa padre, tulielewe pia kwa mwalimu. Si ajabu kwamba vijijini kwetu katekista naye huitwa "mwalimu". Neno ni moja, na heshima iwe moja.

Wito haulipi kodi ya nyumba

Hapa napaswa kutoa onyo, hasa kwetu sisi tunaozungumza lugha ya kanisa. Tunapenda kusema ualimu ni wito. Ni kweli. Lakini mara nyingi neno hilo limetumika kumnyamazisha mwalimu anapodai haki yake. Mwalimu aliyesomea kwa mkopo wa Serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize deni. Aliyejisomesha ameuza ng'ombe au shamba. Akirudi Kibaoni akakuta hakuna nyumba ya mwalimu, akapanga chumba, akasafiri mpaka mjini kufuatilia barua ya kupandishwa daraja, na barua isije, wito wake utachoka. Anayeondoka katika hali hiyo hajamsaliti mtu.

Na kuondoka kwake kuna watakaoumia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: wasichana 45 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Msichana wa darasa la sita anayejua kusoma vizuri, ambaye mwalimu wake anamjua tangu darasa la kwanza na anaifahamu nyumba yao, ana mtu wa kumkimbilia. Msichana ambaye amebadilishiwa walimu wanne, na bado anasoma kwa kubahatisha, haoni shule ina faida gani kwake. Tunapopoteza mwalimu mzuri wa msingi, hasara haiishii kwenye karatasi ya matokeo.

Tufanye nini

Nina mapendekezo machache, na yote yanawezekana bila kungojea bajeti kubwa.

Kwa halmashauri na waajiri: mwalimu wa msingi anayeomba ruhusa ya kusoma shahada ya elimu ya awali, msingi au elimu maalumu apewe kipaumbele, na akirudi apandishwe ngazi akiwa palepale shule ya msingi, bila kulazimika kuhama ndipo atambuliwe. Apewe pia kazi inayolingana na elimu yake. Tunao mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unaotaka walimu wakutane shuleni na katika vituo vya walimu kujadili ufundishaji wao. Ni nani anayefaa zaidi kuongoza vikao hivyo katika kata ya Kibaoni kuliko mwalimu mwenye shahada anayefundisha darasa la kwanza kila asubuhi?

Kwa vyuo vikuu vya Kanisa: tuna vyuo vingi vinavyotoa shahada za ualimu, na wanafunzi wengi ndani yake wanaandaliwa kwa ajili ya sekondari. Shule za msingi za misheni zilichukuliwa na Serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na tangu wakati ule ni kama tumesahau kwamba Kanisa lilianza na mtoto mdogo. Kuongeza nafasi za shahada ya elimu ya msingi, na kuziweka wakati wa likizo ili mwalimu wa mbali aweze kusoma, ni kurudi kwenye karama yetu wenyewe.

Kwa parokia: halmashauri ya walei ikae na kuhesabu walimu wa shule za msingi walio katika vigango vyake, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na kujua nani anaishi wapi. WAWATA na UWAKA wana nguvu ya kutosha kufyatua matofali ya nyumba moja ya walimu kwa kushirikiana na kijiji. Tumejenga nyumba za makatekista kwa njia hiyohiyo. Jumuiya ndogondogo zinaweza kumchangia nauli mwalimu anayesoma kwa masafa anapokwenda kufanya mitihani, kama tunavyochangia mseminari anaporudi seminarini. Mchango wa jumuiya nzima ni mwepesi kuubeba, na humwambia mwalimu kwamba kijiji kinamtarajia arudi.

Kwa mafrateri: mwaka wenu wa kichungaji utakapowapeleka kufundisha, msikimbilie kidato cha nne peke yake. Ombeni kukaa wiki mbili katika darasa la kwanza la shule ya kijiji, mkimsaidia mwalimu. Mtamwona akifanya kazi ambayo teolojia yenu itaitegemea baadaye, kwa sababu mtakapowapa waamini Biblia mikononi, atakayeweza kuisoma ni yule aliyepata mwalimu mzuri akiwa na miaka saba. Na kama yuko miongoni mwenu ambaye, baada ya kusali na kushauriana na walezi, anaona njia yake si upadre, basi ajue kwamba darasa la kwanza la Kibaoni ni mahali pa kumtumikia Mungu kwa elimu yote aliyoipata seminarini.

Kwa wazazi: mwalimu wa mtoto wako mdogo akisema anakwenda kusoma, mpongeze, kisha mwambie wazi kwamba unamhitaji hapa. Mtu huondoka kwa urahisi mahali ambapo hakuna aliyemwomba abaki.

Tuwakumbuke walimu wa shule za msingi katika maombi ya waamini Dominika ijayo, wanaosoma na wanaofundisha. Na baada ya Misa, kabla hatujatawanyika, halmashauri ya walei ibaki dakika 10 ijibu swali moja: mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji chetu amelala wapi usiku wa jana?